Karai la Dhahabu Haliogeshi Mtoto

Dada yangu alinitumia picha saa nne usiku. Ilikuwa picha ya hodhi la kuogea mtoto, la plastiki laini, rangi ya samawati, linalokunjwa likabaki bapa kama sinia. Chini yake akaandika: "Hii kitu inaweza kutengenezwa hapa Kaka?"

Anaishi kwenye bedsita mtaa wa Kefinco, mjini Kakamega. Choo na bafu ni chumba kimoja, na mlango unafunguka kwa ndani, kwa hivyo ukitaka kuogesha mtoto ndani lazima kwanza uamue nani atatoka. Mtoto wake, miezi kumi na minne, huogeshwa sebuleni, ambayo pia ni jikoni, ambayo pia ni chumba cha kulala. Huogeshewa kwenye karai. Ameshaanza kusimama, na akisimama karai linayumba, maji yanamwagika kwenye kapeti, na dada yangu anapiga mayowe ambayo jirani ameshazoea.

Mimi nilisoma uhandisi miaka miwili kabla karo kukatika. Kwa familia yangu hiyo inatosha. Ukiwahi kukaa darasani ukachora mhimili mmoja, wewe ni injinia mpaka siku ya kifo. Nikajibu: "Inawezekana."

Kabla ya kwenda kwa fundi nikaanza kusoma, kwa sababu kusoma ni rahisi kuliko kuchomelea. Nilitaka kujua ni nani mwingine aliwahi kukunja hodhi katika nchi hii. Nikagundua kwamba hodhi la kukunja si kitu kipya hapa kabisa. Limekuwepo zaidi ya miaka mia moja, na limebebwa na watu wetu. Tofauti ni kwamba hawakuogea ndani yake.

Zama za safari kubwa, maduka ya London yaliuza samani za kambi zinazokunjwa: kitanda, kiti, meza, beseni la kunawia uso, na hodhi la kuogea. Muundo ulikuwa mmoja. Fremu ya mbao yenye miguu iliyopishana kama herufi X, na juu yake turubai zito lililoning'inia kama machela. Ukifungua miguu, turubai linakuwa bakuli. Ukiibana, unapata kifurushi cha kufunga kamba na kumtwika mtu kichwani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa pauni 60 hivi, yaani kilo 27. Hodhi, meza na viti vilihesabiwa humo humo pamoja na risasi na unga.

Theodore Roosevelt alipofika Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka ikulu ya Marekani, msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili. Walipanda naye hadi nyanda za Uasin Gishu, majirani zetu hapo juu. Katika kitabu chake cha safari hiyo anaeleza kwamba hema lake lilikuwa na kijisehemu nyuma cha kuogea, na anasifu maji ya moto kama jambo la lazima katika nchi za joto. Simlaumu. Mtu ametembea kutwa kwenye vumbi, anataka kuoga. Lakini nikiwa nasoma nilijikuta nahesabu. Maji yalitoka mtoni. Kuna mtu aliyeyachota, mwingine akakata kuni, mwingine akasimamia moto, mwingine akayamimina na baadaye akayamwaga. Hodhi lenyewe lilikuwa jepesi kwa sababu uzito wake wote ulikuwa umehamishiwa kwa watu.

Hapo nikaweka alama kwenye daftari: hodhi la kukunja linaokoa nafasi, haliokoi maji. Sikujua bado kwamba sentensi hiyo ingenirudia.

Sasa karai. Hili neno ukilisikiliza vizuri linanuka mafuta. Limevuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako karahi ni chombo cha chuma cha kukaangia. Pwani bado linakumbuka asili yake. Ukinunua viazi karai Mombasa, unakula kumbukumbu ya hilo sufuria. Huku bara karai lilipanuka likatoka jikoni. Likawa la kubebea zege kwenye mjengo, la kufulia, la kuanikia mahindi, la kunawisha wageni matangani, la kuogesha watoto. Debe nalo lilivuka bahari hiyo hiyo. Likaja na mafuta ya taa, galoni nne, lita kama 18, na mafuta yalipoisha bati likabaki likawa ndoo, kipimo cha mahindi, mlango, paa. Sisi hatukupokea vyombo vya kazi moja. Kila kilichoingia nyumbani kiliajiriwa upya, bila barua.

Kukhu wangu, bibi mzaa mama, aliishi karibu na Rosterman, kilomita chache kutoka mjini. Nyumbani kwake palikuwa na karai mbili za mabati, zinafanana kama mapacha. Moja ilitundikwa kwenye msumari jikoni, ndani. Nyingine ililala nje, chini ya mti wa lusiola, na hata mvua ikinyesha haikuingizwa. Tulipokuwa wadogo binamu yangu aliwahi kuibeba ile ya nje akaijaza maji akaketi ndani. Kukhu alitoka mbio kuliko nilivyowahi kumwona akikimbia. Alimnyanyua kwa mkono mmoja, akamwaga maji, akamsugua kwa sabuni mara tatu. Halafu akatuambia sote, kwa Kiswahili ili pia mgeni aliyekuwepo asikie: "Karai la dhahabu haliogeshi mtoto."

Tulidhani ni mwiko. Unajua zile za usipige mluzi usiku. Miaka mingi baadaye ndiyo nikaelewa kwamba ilikuwa historia, na pia kemia.

Mwaka 1931 Mmarekani aliyekuwa akilima Turbo, L. A. Johnson, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Dunia ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya mahindi na kahawa imeanguka, masetla wana madeni. Habari zikaenea, na watafutaji wakamiminika kwa mamia, na mahema yao, na vyombo vyao vya kusafishia mchanga. Kakamega, ambayo ilikuwa makao ya wilaya ya North Kavirondo, ikageuka kuwa mji wa dhahabu.

Kulikuwa na tatizo moja dogo: ardhi ilikuwa na wenyewe. Tena muda mfupi tu kabla ya kelele kuanza, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba ardhi ikitolewa kwenye hifadhi ya Waafrika, itafidiwa kwa ardhi nyingine ya thamani sawa, na baraza la wenyeji litaulizwa. Desemba 1932 ikarekebishwa haraka haraka. Kwa ajili ya uchimbaji, fidia ingeweza kuwa pesa badala ya ardhi, na kuulizana hakukuwa lazima tena. Ahadi ilikunjwa kama kile kiti cha safari, ikafungwa kamba.

Kampuni ya Rosterman ilichimba kuanzia 1935 hadi 1952. Watu wetu waliingia chini kama vibarua. Mgodi ulipofungwa kampuni ikaondoka, likabaki jina, mashimo, na watu waliojua jinsi mwamba wenye dhahabu unavyoonekana. Hawakuacha. Mpaka leo, Rosterman na kule Ikolomani, wanaume wanashuka kwenye mashimo na wanawake wanasafisha kinachotoka. Na chombo cha kusafishia ni karai.

Nilienda kuangalia, kwa sababu nilitaka kuona kama kumbukumbu yangu ni ya kweli. Mwamba husagwa ukawa unga. Unga huoshwa kwa maji mpaka kile kizito kibaki. Halafu mwanamke huchukua kile kizito, akakitia kwenye karai, akadondosha zebaki kidogo, na akaanza kukanda kwa mikono mitupu, kama unavyokanda unga wa chapati. Zebaki hushikana na dhahabu. Kinachobaki hukamuliwa kwa kitambaa kikawa kidonge cha rangi ya fedha, na kidonge huchomwa motoni. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo anauvuta aliyekaribu, na mara nyingi aliyekaribu ana mtoto mgongoni.

Zebaki haina haraka. Inaingia mwilini kidogo kidogo, inaharibu mishipa ya fahamu na figo, inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na ubongo unaokua ndio unaoumia zaidi. Mji wa Minamata, Japani, ulijifunza hilo baada ya kiwanda kumwaga taka zenye zebaki baharini na watu wakala samaki; ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013, ulipewa jina la mji huo. Kukhu hakuwahi kusikia Minamata. Lakini alikuwa na misumari na mti wa lusiola, na alikuwa ametenganisha vyombo.

Mama mmoja niliyempata akikanda aliniuliza natafuta nini, kijana msafi hivi. Nikamwambia natengeneza chombo cha kuogeshea mtoto. Akacheka. Nikamuuliza yeye huogeshea wapi watoto wake. Akaonyesha kwa kidevu karai lililokuwa limeinamishwa kando, lina alama ya rangi nyekundu ukingoni. "Hilo ni la nyumbani," akasema. "Hili halifiki kwangu." Halafu akatulia kidogo. "Lakini lile la nyumbani likitoboka, na hakuna pesa ya lingine, mwanangu, utafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua maandazi, tukala, nikaondoka.

Fundi wangu ana banda la mabati karibu na stendi. Anatengeneza majiko, masanduku ya shule, milango. Watu wa kazi yake wanaitwa jua kali kwa sababu kwa miaka walifanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi alipotembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi kuwajengea vibanda, ndipo serikali ilianza kuwaona kama watu wa kiuchumi na si watu wa kufukuzwa. Lakini jina halikubadilika hata kwa waliopata kivuli. Fundi wangu ana kivuli, na bado anajiita jua kali.

Nikamwonyesha picha ya dada na mchoro wangu: fremu ya bomba jembamba la chuma, miguu ya X, turubai ndani. Urefu sentimita 70, upana 40. Akaangalia mchoro muda mrefu.

"Ndugu yangu, hii ni stretcha ya hospitali."

"Ni hodhi."

"Na mtoto akikua?"

"Basi."

"Basi nini? Kitu cha kazi moja hakinunuliwi Kakamega. Hata jeneza tungekuwa tunaweka mahindi kwanza."

Tulitengeneza. Nikaleta kwa dada, tukalifungua sebuleni, likatoshea kati ya kitanda na meko. Raha ilioje. Kisha tukaanza kutia maji, na hapo ile sentensi ya daftari ikanirudia. Sentimita 70 kwa 40, kina cha maji 15: hizo ni lita 42. Dada yangu ana mfereji, lakini mfereji una siku zake, na siku nyingine ananunua maji ya mkokoteni kwa shilingi 20 kwa mtungi wa lita 20. Karai lake linatumia nusu mtungi. Hodhi langu linataka mitungi miwili na bado kidogo. Kwa mwezi, karai ni shilingi 300. Hodhi ni zaidi ya 1,200. Nilikuwa nimemtengenezea dada yangu hodhi la mtu mwenye wapagazi, halafu nikamfanya yeye awe mpagazi.

Na hii ni Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ikifika saa tisa alasiri anga inajifunga na mabati yanaimba. Hata jina la mtaa wake ni la maji. Kefinco ilikuwa kampuni ya Kifini iliyoendesha mradi wa maji wa Kenya na Finland katika Mkoa wa Magharibi miaka ya 1980. Walichimba visima vya pampu za mkono na kujengea chemchemi vijijini, na wazee bado wanaonyesha pampu na kusema hiyo ni ya Wafini. Kwa hivyo dada yangu anakaa mtaa uliopewa jina la maji, katika mji wa mvua, akinunua maji kwa mtungi. Sisemi hilo kwa kulalamika. Nasema ili ujue kwamba shida niliyopewa haikuwa ya nafasi peke yake.

Halafu kitu kibaya zaidi kikatokea. Tulikuwa tumetia maji bila mtoto, kujaribu tu. Dada akaweka kiganja ndani kupima joto, akaegemea kidogo ukingoni. Pini ya upande mmoja ikachomoka. Fremu ikajifunga, polepole kwanza, kisha mara moja, kama mtu anayefumba kitabu. Turubai likajikunja kwa ndani. Lita 42 zikaenda chini ya kitanda.

Tulisimama tukiangalia lile turubai lililofumbana. Hakuna aliyesema neno. Mtoto alikuwa amekaa kitandani anapiga makofi. Mtoto mchanga anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache, hiyo nilikuwa naijua. Lakini kuijua kwa kichwa ni kitu kingine na kuona mahali hasa ambapo angekuwa amekaa ni kitu kingine. Karai, na kuyumba kwake kote, halijawahi kumfunga mtu.

Nilikaa wiki mbili bila kurudi kwa fundi. Aliponipigia simu, nilimweleza. Hakucheka. Akasema, "Leta."

Toleo la pili tulilianza upya. Miguu ya X ikaondoka. Fundi alisema kitu kinachokunjika kwa uzito wa juu hakifai kumbeba mtoto, kiwe kimefungwa na nini. Tukafanya pete mbili za chuma za umbo la yai, moja chini, moja juu, zimeunganishwa na turubai na nguzo nne fupi zinazochomekwa na kuzungushwa mpaka zijifunge. Likiwa wazi linakaa sakafuni moja kwa moja, chini pana, haliyumbi. Uzito ukiongezeka linakaza badala ya kufumba. Ukitaka kulikunja lazima utoe nguzo zote nne kwa mkono, moja moja, na huwezi kufanya hivyo kukiwa na maji. Urefu sentimita 55, upana 35, na mstari mwekundu ndani kwenye kina cha sentimita 10. Lita 15 hivi: chini ya mtungi mmoja. Chini tukaweka kizibo na kipande cha mpira, ili maji yakitoka yaingie kwenye ndoo. Yale maji ya sabuni sasa ndiyo yanamwagwa chooni. Fundi alifurahi sana hapo. Kumbe lina kazi mbili.

Tulisimama kwenye jambo moja tu. Fundi alikuwa na turubai zuri, zito, la bure, lilikuwa limetolewa kwenye lori kuukuu. Lingetupunguzia gharama karibu nusu. Alilikunjua juu ya meza, akalipiga kofi, vumbi likapanda. Nikasikia mdomo wangu ukiuliza kitu ambacho sikuwa nimepanga kuuliza.

"Lori lilikuwa linabeba nini?"

Akafikiri. "Mbolea. Na dawa za shamba, nadhani. Lakini tutaliosha."

Nikakumbuka sabuni mara tatu. "Hapana," nikamwambia. "Tununue jipya."

Alinung'unika, kwa sababu jipya lilimaanisha bei ya kuuza ingepanda, na mama yule wa Rosterman, kwa mfano, asingeweza kulinunua. Alikuwa sahihi. Hilo bado halijapata suluhisho. Chombo salama kwa mtoto kinagharimu zaidi ya karai, na wanaokihitaji zaidi ndio ambao karai lao likitoboka wanaangalia lile lingine. Tumetengeneza matatu mpaka sasa. Moja liko kwa dada, limetundikwa nyuma ya mlango, bapa. Moja limenunuliwa na mwalimu. La tatu nilipeleka Rosterman, na sikuchukua pesa, na najua hiyo si biashara.

Kukhu sasa hashiki karai lolote, macho yamechoka. Mwezi uliopita tulimletea hodhi la dada alione. Alilipapasa pete ya juu, akalipapasa turubai, akasukuma nguzo moja moja kuona kama zitalegea. Mtoto alikuwa tayari amevuliwa nguo, anatambaa kuelekea kwenye maji. Kukhu akamzuia kwa mguu wake.

"Kwanza niambieni," akasema. "Hiki kimewahi kubeba nini?"

Nikamwambia bado hakijabeba kitu.

Akaondoa mguu.